Sekunde Thelathini za Kimya

Saa tisa alasiri iliikuta chupa ya konyaki ingali imefungwa katikati ya meza, na kila mtu pale sebuleni alikuwa anajitahidi asiitazame.

Aliyeileta ni Mama Rebeca Cordero. Alitoka nayo Bakersfield peke yake, mwendo wa saa mbili, akiwa ameiviringisha kwenye taulo na kuifunga mkanda kiti cha mbele kama abiria. Mwanawe, Efrain, alikuwa amemfundisha kila kitu kwa simu. Kwa kina Arpi, binti aliyetaka kumwoa, Waarmenia wa Glendale, upande wa mwanamume huja kuomba neno. Huja na chupa na kitu kitamu, hukaa, huzungumza habari za afya na za jua kali, kisha mkubwa wao husema kilichowaleta. Baba wa binti humgeukia binti yake akamwuliza mbele ya watu wote. Binti akikubali, baba huifungua chupa kwa mkono wake, na neno limetoka. Asipokubali, chupa hurudi ilikotoka na kifuniko chake. Mama Rebeca alikuwa amekariri yote hayo njia nzima. Jambo moja tu Efrain hakumfundisha, namna ya kukaa na watu usiowajua saa mbili nzima wakati muoaji mwenyewe hajatokea.

"Ongeza dolma, dada," alisema Seta, mama yake Arpi, akimsogezea sahani ya majani ya mzabibu yaliyofungiwa wali na nyama kwa mara ya sita. "Hata mbili tu."

"Nimeshiba, dada yangu. Nikiongeza hata moja mtanibeba kunipeleka garini."

"Tutakubeba," alidakia Hrant, mumewe Seta. "Wewe tutakubeba vizuri tu. Kuna wengine ndio hatutawabeba."

"Baba," Arpi alisema.

"Nimesema nini? Nazungumza na mgeni."

Hrant Terzian alikuwa fundi wa viyoyozi, miaka thelathini juu ya mapaa ya watu, na siku ile alikuwa amevaa suti ya kijivu aliyoivaa mara ya mwisho kwenye mazishi ya kaka yake. Aliitazama saa ya ukutani, akajikuna kidevu. "Kutoka studio kule Burbank mpaka hapa ni dakika kumi na tano. Jumapili ni kumi."

"Baba!"

"Nimetaja umbali tu, mwanangu. Umbali si tusi."

Mama Rebeca alicheka, lakini kicheko kikamwishia mdomoni. Akainamisha uso na kuanza kuikunja leso ya karatasi, akaikunja mpaka ikawa kidonge. Arpi alimwona, na roho ikamuuma kuliko angekuwa ametukanwa yeye. Hii ilikuwa mara ya pili. Mwezi wa nne Efrain hakuja kabisa, wala mama yake, na baba yake akakaa na suti yake mpaka giza likaingia. Safari hii Hrant alikuwa amesema wazi kwamba ya tatu haitakuwepo.

Arpi alikuwa na miaka thelathini na mbili, na kazi yake ilikuwa kunasa sauti kwenye filamu. Miaka sita nyuma alichukuliwa na kijana mmoja mwembamba, Efrain, mwongozaji asiyejulikana na mtu, kwenda kumfanyia kazi filamu ndogo ya mapenzi iliyoitwa Nguo za Jumapili. Ilikuwa habari ya mwanamume na mwanamke wanaokutana kila wiki kwenye duka la mashine za kufulia. Waliipiga kwa siku kumi na tisa, watu kumi na mmoja, na chakula chao kilipikwa na Seta na kuletwa kwa sufuria.

Kazi ile ina desturi ambayo watazamaji hawaijui. Kabla watu hawajahama mahali, mnasa sauti huomba sekunde thelathini. Kila mtu huganda pale alipo, hakuna kukohoa wala kusogeza mguu, naye hunasa kimya cha chumba kile, kwa sababu hakuna vyumba viwili vyenye kimya kimoja, na mhariri atakihitaji baadaye kuzibia mapengo ya mazungumzo. Sekunde zikitimia, mwongozaji husema "basi", watu wakapumua.

Siku ya tatu, mle dukani, Arpi aliomba kimya chake. Alipoinua macho kutoka kwenye mashine alimkuta Efrain anamtazama. Thelathini zikapita. Hakuna aliyesema basi. Zikafika arobaini, zikafika hamsini, mtu wa taa mguu ukamfa ganzi. Ilipotimia dakika moja na sekunde kumi mtu akapiga chafya, watu wote wakaangua kicheko, na Efrain akashtuka kama aliyeamshwa usingizini. Arpi alikuwa anayo rekodi ile mpaka leo. Hajawahi kuandikiwa barua ya mapenzi inayoifikia.

Nguo za Jumapili ilipata tuzo, na baada ya tuzo ikaja simu. Studio kubwa ilikuwa inatafuta mtu wa kuongoza Ngao ya Tisa, filamu ya shujaa anayeruka angani na kubomoa nusu ya mji ili kuuokoa. Efrain aliruka ruka jikoni asubuhi ile, anacheka na kulia kwa pamoja. "Wananitaka kwa ajili ya moyo, Arpi! Majengo ya kuporomosha wanayo tele. Wanataka mtu anayejua watu wawili wakipendana wanatazamana vipi." Na Arpi alimwamini. Akamwamini pia alipomwambia wataifanya pamoja. Lakini katika banda lile la studio feni kubwa za upepo zilivuma kutwa, sauti zote zilirudiwa baadaye kwingine, na kimya cha mahali hakikuwa na kazi. Wiki ya tatu Arpi alishukuriwa kwa adabu, akarudi nyumbani. Ilikuwa miaka miwili sasa.

Gari liliingia uani saa tisa na nusu.

Efrain alitokea mlangoni kwa mbio, fulana nyeusi imemkunjika, kitambulisho cha studio bado kinamning'inia shingoni. Alikuwa amekonda. Alimbusu mama yake mkono, akamshika Seta mabega, akasimama mbele ya Hrant.

"Mzee, nisamehe. Sina neno la kusema."

"Umekuja kuomba neno, na huna neno." Hrant hakunyanyuka. "Karibu, mwongozaji. Tunasikia siku hizi unarusha watu angani. Ukashindwa kujirusha mwenyewe dakika kumi na tano?"

"Baba Arpi, mwache mtoto akae," Seta alisema. "Umekula, wewe? Tazama alivyo. Hao watu hawakulishi?"

"Nitakula, mama."

Macho yake yalikuwa yameshamtafuta Arpi na kumpata pale dirishani. Arpi alitaka yamfanye vile yalivyokuwa yakimfanya. Yalikuwa macho yale yale, meusi, yenye kope ndefu za kike alizokuwa akimtania nazo. Yakamgusa, yakaenda kwenye saa ya ukutani, yakarudi.

Mama Rebeca alisimama, akajinyoosha gauni. Alikuwa amengoja wakati wake. "Basi, kaka Hrant, kwa kuwa sasa tumetimia, naomba niseme kilichotuleta…"

"Mama, ngoja kidogo," Arpi alisema. "Samahani sana. Baba, nipe dakika kumi nizungumze naye kwanza."

"Sasa hivi?" Seta alishika kichwa. "Watu wamekaa! Chupa iko mezani!"

"Chupa haina haraka," Hrant alisema akimtazama binti yake. "Imekaa tangu saa saba. Nenda, mwanangu."

Gereji ya Hrant nusu ilikuwa mabomba na mota za viyoyozi vilivyokufa, nusu ilikuwa ya Arpi, na mashine zake za kunasia zimepangwa kwenye rafu. Arpi alifunga mlango. Efrain aliketi kwenye kigoda karibu na meza ya ufundi na kujaribu kutabasamu.

"Nilikumiss," alisema.

"Ulikuwa wapi?"

"Chumba cha uhariri."

"Jumapili? Ya leo?"

Alijipangusa uso kwa viganja. "Alhamisi tuliionyesha kwa watu. Unajua wanavyofanya. Wanakusanya watu mia nne kwenye sinema, wanawaonyesha bure, wakimaliza wanawapa kadi waseme walichopenda na kilichowachosha. Walipenda mapigano juu ya paa la treni. Walipenda lile zimwi. Sehemu iliyowachosha kuliko zote ni…"

Arpi alijua kabla hajasema. "Jikoni."

"Jikoni."

Ile sehemu ya jikoni ndiyo iliyokuwa nguzo yake katika miaka yote miwili. Kila Efrain alipokosa kuja, kila chakula kilipopoa mezani, alimwambia, vumilia, mle ndani tumo. Shujaa anarudi nyumbani amejeruhiwa, anamkuta mke wake jikoni, na hawasemi kitu. Wanatazamana tu sekunde thelathini, bila muziki. Efrain aliigombania vikao kumi na viwili. Alisema ndiyo sehemu pekee katika filamu nzima aliyoiongoza yeye, kwa sababu mapigano yalikuwa yameshachorwa na watu wengine kabla hata hajaajiriwa, na kazi yake ilikuwa kumwambia mwigizaji autazame mpira uliotundikwa kwenye fimbo mahali pa zimwi litakalochorwa baadaye, na kuuogopa.

"Wakasema uiondoe?"

"Wakasema ipunguzwe. Nikaipunguza ikawa ishirini. Ijumaa ikawa kumi na mbili. Jana nane."

"Na leo?"

"Leo asubuhi nimeitoa yote."

"Nani alikwambia uitoe yote?"

Efrain alikigeuzageuza kitambulisho shingoni.

"Efrain. Leo nani alikupigia?"

"Hakuna," alisema. "Hakuna aliyenipigia. Walikuwa hata hawajaamka. Nilikaa peke yangu nikaitazama, na mimi mwenyewe nikaona… nikaona ndefu, Arpi. Sekunde nane, nikaona zinavuta. Nikaitoa. Kisha nikakaa pale nangojea niumie, nikakaa saa tatu. Ndiyo maana nimechelewa. Nilikuwa nangojea niumie."

Arpi alishikilia ukingo wa meza. Alitaka kumpiga, na alitaka kumkumbatia.

"Kuna jingine," Efrain alisema. "Bora niseme yote. Wanataka nifanye ya pili na ya tatu. London. Miaka minne, labda mitano."

"Ukasemaje?"

"Nimeshatia saini. Jumanne."

"Leo Jumapili."

"Nilitaka nikwambie ana kwa ana."

"Jumatano tumekula pamoja, Efrain. Uso wako na wangu na sahani moja. Ulitaka ana kwa ana ya namna gani?"

"Niliogopa! Kila siku naogopa. Nikiacha, nimekuwa yule aliyeshindwa, hakuna atakayenipa hata kamera ya harusi. Nikikaa, sijui…" Aliinua macho, na yalikuwa yamejaa machozi. "Twende wote. Tuoane, twende. Nikirudi tutafanya yetu ndogo, mimi na wewe, siku kumi na tisa, sufuria za mama yako. Nakuapia."

"Uliniapia hivyo hivyo kwa hii ya kwanza."

"Najua."

"Mama yako amekaa mle ndani tangu saa saba anakunja karatasi. Baba ameweka chupa mbele yake kama mtihani. Nikirudi ataniuliza mbele yao, na mimi nataka kusema ndiyo. Unasikia? Pamoja na saini yako, pamoja na jikoni yako, bado nataka kusema ndiyo, mjinga mimi. Lakini sijui nitakuwa namwambia nani ndiyo. Nisaidie nijue."

"Nikusaidie vipi? Sema chochote."

Arpi alitazama rafu yake. Halafu akanyoosha mkono, akashusha kinasa sauti kidogo kile cha zamani, cha enzi za Nguo za Jumapili, akakipanguza vumbi kwa mkono wa gauni lake la sherehe.

"Nipe sekunde thelathini," alisema.

Efrain alimtazama, akaelewa, na uso wake wote ukalegea. Kwa mara ya kwanza siku ile akafanana na yule kijana wa duka la kufulia. Bila kuambiwa alitoa simu mfukoni, akaizima kabisa, akaiweka juu ya mota iliyokufa. Arpi hakuwahi kumwona akiizima kwa miaka miwili. Moyo ukamruka, akaukemea, haukusikia.

Alichomeka maikrofoni kwenye kigingi cha meza, karibu na kigoda cha Efrain, maana waya haukufika mbali zaidi. Kwa kawaida angevaa hedifoni zake asikie kinachoingia. Safari hii alizitundika shingoni. Alitaka kuwamo chumbani kama mtu mwingine yeyote.

"Kimya cha chumba," alisema, kama alivyosema mara elfu. "Gereji ya baba. Watu wawili."

Akabonyeza.

Wakatazamana. Nje kiyoyozi cha nyumba kilikuwa kinanguruma polepole, na mahali fulani jirani alikuwa anachoma nyama. Arpi aliona mikunjo mipya pembeni mwa macho yake, akaona kovu dogo la utotoni chini ya mdomo, akakumbuka vidole vyake mwenyewe juu ya kovu lile. Huyu hapa, alijisemea. Yumo humu bado. Machozi yakamlenga, na kwa kuwa hakutaka yaharibu kimya akafumba macho. Akaanza kuwaza London, mvua yake na chumba kidogo. Akamwona baba yake akizungusha kifuniko. Miaka minne ni nini? Watu wamengojana zaidi ya hapo, kwa vita, kwa bahari. Alikuwa ameshasema ndiyo moyoni wakati Efrain aliposema, kwa sauti ya upole, "Basi."

Arpi alifungua macho. Namba kwenye mashine zilisoma thelathini kamili.

"Nimeweza?" Efrain aliuliza, akicheka na kulia. "Arpi, nimeweza. Twende ndani. Twende sasa hivi, mzee asibadili nia."

"Ngoja nisikilize."

"Usikilize nini, mpenzi?"

"Siwaruhusu watu kuondoka kabla sijasikiliza. Unanijua."

Alikuwa anatabasamu alipovaa hedifoni. Ilikuwa mazoea tu ya kazi, na pengine alitaka kusikia kimya chao mara moja zaidi kabla ya kelele za vifijo. Akarudisha mwanzo.

Alisikia kiyoyozi. Alisikia gauni lake likichakacha mara moja. Alisikia pumzi mbili, yake ya haraka, ya Efrain nzito. Halafu, kwenye sekunde ya tisa au ya kumi, chini kabisa ya pumzi ile, kwa sauti ambayo sikio la mtu lisingeisikia hata karibu namna ile, alisikia midomo. Akaongeza sauti.

"…kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano…"

Efrain alikuwa anahesabu.

Arpi alisikiliza mpaka mwisho, hakuna hata namba moja iliyorukwa. Ishirini na saba. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Basi.

"Imetoka vizuri?" Efrain aliuliza.

Alivua hedifoni taratibu, akauzungusha waya wake kama inavyotakiwa, bila kukunja. "Imetoka safi," alisema.

Kule ndani Hrant alikuwa ameshasimama, mkono mmoja juu ya chupa. Sura za watoto wake alikuwa anazijua, lakini Arpi alikuwa ameingia na sura asiyoijua, kwa hiyo hakufanya mzaha. Mama Rebeca alisimama naye, akasema maneno yake aliyoyakariri njiani, yote, bila kukosea, kwamba wao ni watu wadogo, kwamba wamekuja kwa heshima, kwamba mwanawe anampenda binti wa nyumba hii na wanaomba neno. Sauti ilimtetemeka mwishoni tu.

"Umesema vizuri, dada," Hrant alijibu. "Kama neno lingekuwa langu, wewe ningekupa tangu saa saba." Akamgeukia binti yake. "Arpi. Nifungue?"

Arpi alimtazama Mama Rebeca, si Efrain. Hapo ndipo palipokuwa pagumu.

"Usifungue, baba."

Seta alitoa sauti ndogo. Efrain alibaki na tabasamu lake usoni, halijapata habari.

"Arpi? Tumetoka sasa hivi… Si tumezungumza? Nimefanya nini?"

Hakutaka kumfanyia hivyo mbele ya mama yake. Akamshika mkono, akamrudisha gereji, akamvisha hedifoni mwenyewe, akabonyeza. Akakaa anautazama uso wake. Mwanzoni ulikuwa umekunjamana kwa kutoelewa. Halafu ukatulia. Halafu midomo yake, bila yeye kujua, ikaanza kuifuata ile sauti, ishirini na mbili, ishirini na tatu, na alipojihisi akaifunika kwa mkono.

"Sikujua," alisema. "Haki ya Mungu, Arpi, sikujua nafanya. Kule picha ikizidi sekunde nne lazima mtu aulize kwa nini. Nahesabu kutwa. Nahesabu watu wakiongea. Mama akinipigia simu nahesabu. Lakini sikuwa nangojea ziishe, nakuapia, nilikuwa nakutazama, nilikuwa na furaha…"

"Najua hukujua."

"Basi nisamehe!"

"Ungekuwa unajua ningekusamehe. Tungegombana hapa, ningekutupia hiyo mota kichwani, tungelia, yangekwisha." Alijifuta machozi kwa kiganja, lakini mengine yakaja. "Nitakasirikia nini, Efrain? Hukunikosea. Umeniangalia kwa moyo wako wote, na moyo wako wote siku hizi uko hivyo."

"Nitaacha. Nitavunja mkataba. Kesho."

"Hutaacha."

Efrain aliitazama simu yake juu ya mota. Mabega yakamwanguka. Wakakaa hivyo, kila mmoja upande wake wa meza, wanalia kama watu waliofiwa na mtu mmoja. Efrain ndiye aliyeinuka kwanza. Aliichukua simu yake juu ya mota, akaishika bila kuiwasha.

"Ile ya duka la kufulia," alisema akiwa mlangoni. "Bado unayo?"

"Ninayo."

"Sikuwa nahesabu siku ile."

"Najua," Arpi alisema. "Ndiyo maana ninayo."

Alitoka. Gari lake liliondoka polepole, na mara hii hakuwa na haraka ya kwenda popote.

Mama Rebeca aliaga kwa kukumbatia. Hakuuliza sababu. Alimshika Arpi uso kwa mikono miwili, akamwambia, "Mimi nilikuwa nimeshakuchukua, mwanangu. Kwangu njoo tu, hata bila yeye." Keki aliyokuja nayo aliiacha, kwa kuwa ilikuwa imekatwa, na kitu kilichokatwa hakirudishwi. Lakini chupa ilikuwa haijafunguliwa. Hrant aliibeba mwenyewe mpaka garini, suti yake imeloa jasho mgongoni. Akaiweka kiti cha mbele, ndani ya taulo lake, akahangaika na mkanda mpaka ukalia.

"Endesha pole pole, dada," alisema.

Seta alimfuata binti yake gereji na sahani ya keki, akaiweka, akatoka. Arpi alivaa hedifoni. Rekodi mpya hakuifuta, aliiandika jina na tarehe, kama kazi inavyotaka. Kisha akatafuta ya zamani. Mashine kumi na sita za kufulia, mabomba, taa inayolia juu kwa mbali. Sekunde thelathini zikapita. Alijua hakuna atakayesema kitu. Lakini alipofika pale, bado aliziba pumzi akingoja asikie kama kuna mtu anasema basi.